Reims si Rennes: namna ya kusoma, kuandika na kutamka majina ya miji ya Kifaransa ukiwa safarini

Swali la kwanza huwa lilelile: hili jina linatamkwaje? Analiuliza mwanafunzi aliyepata nafasi Ubelgiji, analiuliza mama anayekwenda kuhiji Lourdes na wanaparokia wenzake, analiuliza mtumishi aliyetumwa mkutanoni Geneva. La pili hufuata papo hapo: mbona nikiliandika kwenye simu halitokei? Na la tatu ndilo lenye wasiwasi zaidi: nikimtajia dereva, atanielewa?

Mwongozo huu haukufundishi Kifaransa. Unakusaidia ufike mji uliokusudia, upande treni yako na ushuke kituo chako. Msimamo wangu ni huu: jina lililoandikwa sawasawa pamoja na postikodi yake litakufikisha hata ulimi ukigoma. Kwa hiyo tunaanza na kalamu, ulimi utafuata.

Chanzo cha tatizo ni chepesi kueleza. Kiswahili kimetuzoesha kwamba kila herufi iliyoandikwa inasomwa. Kifaransa kinaandika herufi nyingi zisizosomwa. Tena wengi wetu tumesomeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jicho likikutana na Nice linasoma "naisi". Ndugu zetu waliosoma Lubumbashi, Goma au Bujumbura Kifaransa wanakijua. Wao waruke hatua ya 4 na ya 5. Hatua ya 3 wasiiruke, maana majina yanayofanana huwakamata hata wenye lugha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Hati yenye jina la unakokwenda: barua ya mwaliko, barua ya chuo, uthibitisho wa hoteli au tiketi.
- Kadi ngumu au daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu ya wino mweusi.
- Simu uliyoiongezea kibodi ya Kifaransa, na ramani ya eneo uliyoipakua ili ifanye kazi bila intaneti.
- Saa moja ya utulivu nyumbani. Kazi hii usiisubirishe hadi ufike uwanja wa ndege na mabegi mkononi.

Hatua ya 1: Nakili jina zima, herufi kwa herufi

Chukua hati, nakili jina kama lilivyo, pamoja na vistari na alama zake: Saint-Pierre-des-Corps, Besançon, Nîmes, Saint-Rémy-lès-Chevreuse. Jina likiwa na maneno mengi, Wafaransa kwa kawaida huyaunganisha kwa vistari. Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu aliyesimama upande wa pili wa kaunta.

Alama za juu utazipata kwenye simu kwa kubonyeza herufi na kuishikilia: e itakupa é, è na ê; c itakupa ç. Mara nyingi kisanduku cha kununulia tiketi hakijali alama, ukiandika Besancon utapata Besançon. Kinachokwamisha zaidi ni kifupisho. Ukiona "St" au "Ste" kwenye barua, jaribu pia Saint na Sainte kwa ukamilifu.

Tahadhari: usiandike jina kwa kulisikia kwenye simu. Mwenyeji akikutajia mji, mwombe akutumie kwa ujumbe. Jina la Bordeaux kwa sikio ni "Bordo", na Troyes kwa sikio ni "Trua". Hakuna anayeweza kukisia maandishi hayo kwa kusikia tu.

Tahadhari nyingine: usilitie jina la mji kwenye programu ya kutafsiri. Nice, Tours na Orange ni miji halisi ya Ufaransa, na programu inaweza kuigeuza kuwa nzuri, ziara na chungwa ukaishia na sentensi isiyo na mji.

Hatua ya 2: Chini ya jina, andika postikodi

Ukifuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Postikodi ya Ufaransa ina tarakimu tano, na mbili za kwanza kwa kawaida ni namba ya mkoa mdogo uitwao département. Paris ni 75, Lyon iko 69, Marseille iko 13. Kwa Paris, tarakimu za mwisho hukuambia hata mtaa: 75018 ni wilaya ya 18 ya jiji. Ubelgiji na Uswisi hutumia tarakimu nne.

Ubora wake ni kwamba namba haina matamshi. Mtu asiyekuelewa ukisema "Renesi" ataelewa mara moja akiona 35000, au 51100 kama kumbe ulitaka Reims.

Hatua ya 3: Chunguza kama jina lako lina pacha

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima na hela ya tiketi, kwa hiyo nenda polepole.

*Reims na Rennes.* Reims (51100) iko mashariki, nchi ya mvinyo wa Champagne, na treni yake ya kasi huondoka Paris kwenye stesheni ya Gare de l'Est. Safari ni kama dakika 45. Rennes (35000) iko magharibi, Bretagne, kama saa moja na nusu kutoka stesheni ya Montparnasse. Ukikosea jina umekosea mji, na umekosea stesheni pia, kwa sababu hizo mbili ziko pande tofauti za Paris.

*Caen na Cannes.* Caen (14000) iko Normandie, kama saa mbili kutoka stesheni ya Saint-Lazare. Cannes (06400), mji wa tamasha la filamu, uko pwani ya kusini, zaidi ya saa tano kutoka Gare de Lyon.

*Annecy na Nancy.* Ya kwanza (74000) iko milimani karibu na Geneva, na e yake ya kati haitamkwi: "Ansi". Ya pili (54000) iko kaskazini-mashariki.

*Lyon, Laon, Lens na Riom.* Ni miji minne mbalimbali. Wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi l na r wawe waangalifu hasa na Lyon na Riom, maana kwa sikio la Mfaransa herufi hiyo moja ndiyo inayoitenganisha.

*Vienne.* Ni mji mdogo karibu na Lyon (38200), lakini pia ndivyo Wafaransa wanavyoliita jiji la Vienna, Austria. Vilevile Genève ni Geneva, ila Gênes ni Genoa, Italia. Tazama nchi iliyoandikwa kwenye tiketi.

*Saint-Denis.* Hili linastahili aya yake. Ukiambiwa "njoo Saint-Denis", uliza ipi. Upo mji wa Saint-Denis (93200) kaskazini mwa Paris, penye kanisa walimozikwa wafalme wa Ufaransa na uwanja wa Stade de France. Kipo kituo cha metro kiitwacho Strasbourg–Saint-Denis, laini ya 4, 8 na 9, ambacho kiko ndani ya Paris. Kimepewa jina la barabara mbili zinazokutana hapo na hakikupeleki mji wa Strasbourg wala mji wa Saint-Denis. Na hata ukifika mji wenyewe, vituo ni vingi: laini ya 13 ina Saint-Denis–Porte de Paris, Basilique de Saint-Denis na Saint-Denis–Université, laini ya 14 tangu 2024 inafika Saint-Denis–Pleyel, treni ya RER D (RER ni treni za Paris na vitongoji vyake) inasimama Gare de Saint-Denis. Kisha ipo Saint-Denis nyingine kabisa, makao makuu ya kisiwa cha Réunion (97400), huku kwetu Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Anayekata tiketi ya ndege atazame herufi tatu za uwanja: RUN ni Réunion, CDG na ORY ni Paris.

Hatua ya 4: Jifunze sauti chache tu

Habari njema ni kwamba sauti kadhaa za Kifaransa tunazo tayari. Jifunze makundi haya:

- *ou* ni u: Toulouse, "Tuluz".
- *au* na *eau* ni o: Bordeaux, "Bordo".
- *ai* ni e: Calais, "Kale".
- *oi* ni ua ya haraka: Blois, "Blua". Uwanja wa Charles de Gaulle wenyeji wengi huuita Roissy, "Ruasi". Ukisikia hivyo, ni uleule.
- *ch* ni sh: Chamonix, "Shamoni".
- *gn* ni ny ya nyumba: Avignon, Perpignan.
- *qu* ni k: Dunkerque, "Dankerk".
- *h* haitamkwi: Le Havre husikika kama "Lo Avr", na hiyo o ni fupi iliyofifia.
- *j*, na *g* ikifuatwa na e au i, ni sh inayotetemesha koo. Ukiweza kusema sh ndefu huku ukitoa sauti, umeipata.
- *ill* ni y mwishoni mwa Marseille, Versailles na Bastille: "Marsey", "Versay", "Bastiy". Lakini Lille ni "Lil", na kila mji unaoanza na Villeneuve una l pia.

Herufi r haitoki kwenye ncha ya ulimi, iko kooni. Sisi tuna jirani yake, gh ya ghali na lugha. Soma Rennes kama "ghen" na Paris kama "paghi", utaona Mfaransa hakuombi urudie. Kama gh yako huwa inatoka g, tumia r ya kawaida, utaeleweka.

Kinachobaki ni irabu za puani, na ndizo zinazotenganisha Caen na Cannes. Fanya hivi. Anza kutamka "kang'", yenye ng' ya ng'ombe, halafu simama kabla nyuma ya ulimi haijapanda kugusa juu. Pumzi itoke kinywani na puani kwa pamoja, midomo ikiwa wazi. Hiyo ni Caen. Sasa tamka "kan", ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu na ibaki hapo. Hiyo ni Cannes. Rudia zote mbili mbele ya kioo: kwenye Caen ulimi unatulia chini, kwenye Cannes unauona umepanda. Kipimo hichohicho kinafaa kwa Reims na Rennes: Reims ni e ya puani ikifuatwa na s, Rennes ni e ya kawaida ikifungwa na n.

Hatua ya 5: Kata mkia, hamisha mkazo

Konsonanti za mwisho mara nyingi hazitamkwi. Paris ni "Pari", Tours ni "Tur", Poitiers ni "Puatie", Saint-Tropez inaishia na "Trope", Montpellier na "pelie". E ya mwisho isiyo na alama nayo huachwa: Nice ni "Nis", Nîmes ni "Nim".

Sasa tahadhari inayotuhusu sisi hasa. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, kwa hiyo tunaongeza i bila kujua. Wakatoliki wetu wamezoea kusema Bikira Maria wa Lurdi, na kanisani ni sawa kabisa. Kwenye kaunta ya tiketi funga mdomo kwenye d: "Lurd". Vivyo hivyo "Nis", si "Nisi".

Mkazo nao. Sisi tunaukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Wao huukazia ya mwisho. Sema ka-LE, bor-DO, pa-RI. Badiliko hili peke yake linasaidia kuliko kuhangaika na sauti zote za hatua iliyotangulia.

Kanuni ina waasi wake, na hawa ni wa kukariri: Reims, Lens na Sens hutamkwa s ya mwisho, Brest hutamkwa st zote mbili, Metz ni "Mes", Bruxelles kwa wenyeji ni "Brusel" na Auxerre ni "Oser", x ikiwa s, Aix ni "Eks". Lakini Lisieux, mji wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, x yake haisikiki. Wanaohiji huko watapanda treni ya kuelekea Caen kutoka Saint-Lazare, kwa hiyo majina yote mawili yawe kwenye kadi.

Hatua ya 6: Andika jina la kituo, si la mji peke yake

Gare de Lyon iko Paris. Ukiwa Lyon wenyewe, stesheni zako ni Part-Dieu au Perrache. Lille ina Lille-Flandres na Lille-Europe, zinazofikiana kwa miguu, ila dakika tano kabla ya treni kuondoka huo mwendo ni mrefu. Avignon na Aix-en-Provence zina stesheni za treni ya kasi zilizo nje ya mji, zenye neno TGV kwenye jina. Versailles ina tatu kubwa, na anayekwenda kutazama jumba la kifalme kwa RER C ashuke Versailles Château Rive Gauche.

Viwanja vya ndege ni hivyohivyo. Paris-Beauvais (BVA) uko kilomita zipatazo 80 kutoka Paris. Uwanja wa Charleroi (CRL) hutangazwa kwa jina la Brussels, lakini si ule mkuu wa jiji hilo, Zaventem (BRU).

Tahadhari kwa anayerudi nyumbani: RER B ya kaskazini ina matawi mawili, yanayoachana Aulnay-sous-Bois. Moja linakwenda Aéroport Charles de Gaulle, jingine Mitry–Claye. Usipande kwa kuwa umeona herufi B. Soma jina la mwisho wa safari kwenye ubao. Waliopanda la Mitry–Claye wakiwa na ndege ya usiku ni wengi mno.

Hatua ya 7: Ubelgiji, andika majina yote mawili

Ubelgiji una lugha zaidi ya moja, na treni ikivuka mpaka wa lugha, ubao hubadilika. Liège ni Luik, Mons ni Bergen, Tournai ni Doornik, Anvers ni Antwerpen. Hata Lille iliyoko Ufaransa huandikwa Rijsel kwenye vibao vya Waflemi, yaani Wabelgiji wanaozungumza Kiholanzi. Stesheni kuu ya kusini ya Brussels ni Bruxelles-Midi kwa Kifaransa, Brussel-Zuid kwa Kiholanzi.

Wanafunzi, someni hapa mara mbili. Leuven (3000) kwa Kifaransa ni Louvain. Chuo kikuu cha Kikatoliki cha hapo kiligawanyika mwaka 1968 kwa sababu ya lugha, na upande wa Kifaransa ukajengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve (1348). Barua yako ikisema KU Leuven, unakwenda Leuven. Ikisema UCLouvain, kampasi yao kuu iko Louvain-la-Neuve, na mara nyingi utabadili treni Ottignies. Wakati wa kutafuta chumba angalia postikodi, siyo neno "Louvain" kwenye tangazo.

Hatua ya 8: Usitaje herufi, onyesha

Karani au dereva asipokuelewa, tutashawishika kumtajia herufi moja moja, na tutazitaja kwa Kiingereza. Hapo mambo huharibika zaidi. E yetu ya "ii" yeye ni I. G ya "jii" ataisikia J. R ya "aa" ataiandika A. Mtajie Angers kwa namna hiyo na anaweza kuishia na Enjias.

Kwa hiyo anza na "Bonjour", kila mara, hata kama una haraka. Kuingia kwenye swali bila salamu huonekana ukosefu wa adabu kwao kama kwetu. Kisha taja jina mara moja, polepole, na papo hapo weka kadi mbele yake. Ukitaka yeye akuandikie, sema: "Vous pouvez l'écrire, s'il vous plaît ?" ("Vu puve lekrir, silvuple"). Ukitaka kuhakikisha treni: "C'est bien le train pour Lisieux ?", ukibadilisha jina la mji.

Ukikwama

*Mji hautokei kwenye programu ya tiketi.* Ondoa "Le" au "La" ya mwanzo, kisha jaribu na vistari na bila vistari. Bado? Huenda mji hauna stesheni. Tafuta postikodi kwenye ramani, uone stesheni iliyo karibu.

*Dereva wa teksi ameweka mji mwingine.* Tazama skrini yake kabla gari halijaondoka. Kama namba mbili za mwanzo za postikodi si zako, mwonyeshe kadi.

*Tangazo ndani ya treni hulielewi.* Usilitegemee. Andika kwenye kadi saa ya kufika kituoni kwako na jina la kituo kinachotangulia. Saa ikikaribia, soma vibao vya jukwaani kwa macho.

*Umegundua umepanda treni isiyo yako.* Usivute kengele ya dharura. Mtafute mkaguzi wewe mwenyewe kabla hajakufikia, mpe tiketi na kadi, mwache akuambie ushukie wapi. Treni ya kasi inaweza kwenda saa nzima bila kusimama, kwa hiyo tumia muda huo kumjulisha mwenyeji wako kwa ujumbe.

*Jina la mji kwenye barua ya mwaliko halifanani na la kwenye uthibitisho wa hoteli.* Linganisha postikodi. Zikiwa sawa, tofauti huenda ni ya kistari au alama, na kwenye fomu ya viza andika kama ilivyo kwenye barua ya mwaliko. Zikitofautiana, mwandikie mwenyeji umuulize kabla hujapeleka fomu, na umwombe barua iliyosahihishwa kama kosa ni la kwake.